Mtihani wa Mguu na Mzigo



Katika nchi ya Wales, iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza, uko mlima uitwao Pen y Fan. Urefu wake ni futi 2,907 tu, hata mtu aliyezaliwa chini ya Kilimanjaro angeuita kilima na kuupita bila kugeuza shingo. Juu yake hapana miti. Pana majani mafupi, mawe, matope, na upepo usiochoka kuvuma. Lakini kilima hicho kimewashinda vijana wengi wenye vifua vipana na mikono ya chuma. Hawakushindwa na adui wala na risasi. Walishindwa na kazi ambayo kila mtoto huijua kabla hajajua kusema vizuri, nayo ni kutembea.

Hapo ndipo jeshi la Waingereza linapowachuja askari wanaotaka kuingia katika kikosi kiitwacho Special Air Service, au SAS kwa kifupi. Atakaye kuingia humo haulizwi kwanza kama ajua kupiga shabaha. Hupewa shanta, bunduki, ramani na dira, kisha huonyeshwa milima. Jioni ya leo nataka kuwasimulia jinsi desturi hiyo ilivyoanza, jinsi watu wanavyojitayarisha kwa ajili yake miezi mingi kabla ya siku yenyewe, na jinsi ilivyowaua baadhi ya watu hodari.

Nilipowagusia habari hizi vijana ninaowafundisha kazi ya ualimu, mmoja wao alisimama akaniuliza, "Mwalimu, askari ana motokaa, ana eropleni, ana na simu ya upepo. Ya nini tena kumtembeza kama mchukuzi?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake ni refu. Haliwezi kujibiwa bila kurudi nyuma kidogo katika historia.

Warumi wa kale waliitawala nchi kubwa kuliko dola zote za siku zao katika pande za Ulaya, na silaha yao ya kwanza ilikuwa mguu. Mwandishi wao Vegetius, katika kitabu chake juu ya mambo ya vita, alieleza kwamba kurutu alipaswa kwenda maili 20 za Kirumi kwa muda wa saa 5 za mchana wa kiangazi, na ya kwamba alizoezwa kubeba mzigo wa ratli 60 za Kirumi akiwa katika mwendo wa askari. Tena mara tatu kila mwezi jeshi zima lilitolewa nje ya ngome, likaenda maili 10 na kurudi. Maili yao ilikuwa fupi kidogo kuliko maili tuijuayo, na ratli yao nyepesi kuliko yetu. Hata hivyo, mtu yeyote aliyekwisha kwenda maili 20 na mzigo mgongoni anajua kwamba habari hiyo si ya mchezo. Warumi walijua jambo moja, kwamba jeshi lisiloweza kufika haliwezi kupigana.

Sasa tuziruke karne nyingi, tutue katika jangwa la Afrika ya Kaskazini mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Luteni mmoja Mwingereza, jina lake David Stirling, aliwaza kwamba watu wachache waliochaguliwa vizuri wangeweza kufanya kazi isiyowezekana kwa kikosi kikubwa. Aliona kwamba adui huyalinda sana mapigano ya mbele, lakini viwanja vyake vya eropleni vilivyo mbali nyuma hulindwa kidogo. Basi akapewa ruhusa ya kukusanya watu wake mahali paitwapo Kabrit, katika Misri, karibu na Mfereji wa Suez.

Kazi ya kuwafundisha watu hao ilimwangukia ofisa mmoja aliyeitwa Jock Lewes, mtu mwenye nidhamu kali, hasa juu ya nafsi yake mwenyewe. Aliwatembeza jangwani mchana na usiku, akiongeza mizigo na urefu wa njia kidogo kidogo, na kupunguza maji. Hakuwaagiza jambo ambalo yeye hajalitenda kwanza. Aliyeshindwa hakutukanwa wala hakupigwa. Alirudishwa katika kikosi chake cha zamani, na mambo yakaisha. Desturi hiyo ya kumrudisha mtu kimya kimya imedumu tangu siku hizo.

Mwezi wa Novemba 1941 walitumwa kazi yao ya kwanza, nao wakaruka usiku kwa miavuli kutoka katika eropleni. Dhoruba kubwa ya upepo na mchanga ikawapokea. Watu wengine walikokotwa na miavuli yao juu ya mawe, silaha nyingi zikapotea, na hapana eropleni hata moja ya adui iliyoharibiwa. Katika watu zaidi ya 50 walioruka, waliorudi hawakutimia nusu. Lakini angalieni jinsi hao waliorudi walivyorudi. Walikwenda kwa miguu yao wenyewe, katika mvua na baridi ya jangwa, hata wakafika mahali walipoagana kukutana na madereva wa kikosi kiitwacho Long Range Desert Group, watu waliolijua jangwa kama mvuvi aijuavyo miamba ya pwani yake. Eropleni iliwaangusha, na mwavuli uliwadanganya. Mguu ndio uliowaokoa.

Stirling akajifunza. Tangu hapo watu wake walichukuliwa kwa malori ya kikosi hicho mpaka karibu na shabaha, na sehemu ya mwisho wakaiendea kwa miguu gizani. Katika mwezi wa Disemba 1941 waliingia viwanja kadhaa vya adui, na katika kiwanja cha Tamet peke yake waliharibu eropleni zaidi ya 20 zikiwa zimetua ardhini. Lewes mwenyewe aliuawa mwisho wa mwezi huo huo, alipokuwa akirudi kutoka katika shambulio kama hilo. Mwalimu akafa, lakini mafundisho yake hayakufa.

Upande wa mashariki, katika misitu ya Burma, jaribio jingine la mguu lilikuwa likifanywa. Mwezi wa Februari 1943 Brigadia Orde Wingate aliingia nyuma ya Wajapani na watu kama 3,000, wakiwa na nyumbu wa mizigo, wakiletewa chakula kutoka angani. Walitembea mamia ya maili. Waliorudi walikuwa kama 2,200, na katika hao 600 hivi miili yao ilikuwa imeharibika kwa njaa, homa na uchovu, hata hawakufaa tena kwa vita. Mmoja wa maofisa wake alikuwa Michael Calvert, nami naomba mlishike jina hilo, kwa maana tutakutana nalo tena.

Mwaka uliofuata wana wa Afrika ya Mashariki nao waliionja nchi hiyo. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, yenye askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilishuka katika bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua za masika ya kule zikinyesha mchana na usiku. Barabara iligeuka tope lililomeza malori, na watu wakaenda kwa miguu, na ruba katika soksi zao na homa katika damu yao, mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin, mahali palipotwaliwa mwanzo wa Disemba 1944. Hawakuwa wamechaguliwa kwa mtihani wa milima ya Wales, lakini njia yenyewe iliwapa mtihani uliozidi ule.

Vita vilipokwisha, mwaka 1945, serikali ya Uingereza iliivunja SAS, ikidhani kwamba kazi yake imekwisha. Haikupita miaka mingi, vita vya msituni vikazuka katika Malaya, na mwaka 1950 yule Calvert aliyetembea na Wingate akapewa kazi ya kukusanya watu wa kukaa msituni majuma mengi bila kutoka. Aliwakusanya upesi, kwa sababu haja ilikuwa kubwa. Wako waliokuwa watu bora kabisa, na wako waliokuwa wametupwa na vikosi vyao kwa sababu ya ulevi na utundu. Matunda yake yalikuwa machungu. Katika msitu mnene, ambapo watu wanne au watano hukaa peke yao bila ofisa wa kuwaangalia, mtu mmoja asiyejitawala huwaharibu wote.

Ndipo mwaka 1952 ofisa mmoja, John Woodhouse, aliporudi Uingereza kutoka Malaya na kuanzisha mtihani wa kuwachagua watu kabla hawajapelekwa. Akachagua milima ya Wales. Huko mvua, ukungu, jua na theluji huweza kupishana katika siku moja, na mtu akikosea njia hapana kijiji cha kuuliza. Mtihani alioupanga Woodhouse ndio mzazi wa ule unaofanywa hata leo.

Sasa nieleze ulivyo. Hufanywa mara mbili kwa mwaka, mara moja wakati wa baridi na mara moja wakati wa joto. Mwanzoni watahiniwa huenda kwa makundi. Moja ya safari za mwanzo hupita juu ya Pen y Fan, hushuka upande wa pili mpaka kwenye barabara ya kale ya Warumi, kisha hugeuka na kuupanda mlima ule ule tena. Jumla yake ni maili 15, na mzigo ni kama ratli 35, mbali na bunduki, chakula na maji. Baadaye makundi huvunjwa. Kila mtu huenda peke yake, mzigo ukiongezwa na njia ikirefushwa kila mara, mpaka siku ya mwisho, ambayo ni safari ya maili 40 na shanta ya ratli 55 katika muda wa saa 20.

Huenda msikilizaji mmoja akapiga hesabu na kusema, "Maili 40 kwa saa 20 ni maili 2 kwa saa. Hata bibi yangu huenda sokoni kwa mwendo huo." Hebu tupige hesabu pamoja. Mwaka 1892 mpanda milima mmoja wa Scotland, William Naismith, aliweka kanuni ambayo wasafiri wa milimani huitumia mpaka leo: hesabu saa 1 kwa kila maili 3, kisha ongeza saa 1 kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa kanuni hiyo maili 40 zataka saa 13 na dakika 20. Tuseme safari nzima ina futi 8,000 za kupanda. Hizo zaongeza saa 4. Jumla ni saa 17 na dakika 20. Zimebaki saa 2 na dakika 40 za kula, kufunga kidonda, kusoma ramani, na kurudi ukikosea njia. Tena Naismith hakuhesabu ratli 55 mgongoni, wala giza, wala tope la magotini, wala ya kwamba mtu huyo alikuwa njiani jana na juzi. Basi hesabu hiyo yatufundisha kwamba mashindano hayo hayashindwi kwa kukimbia. Hushindwa na yule asiyepoteza dakika 10 hapa na dakika 10 pale. Kutangulia si kufika.

Jambo linalowatesa wengi kuliko mzigo ni ukimya wa waalimu. Mtahiniwa afikapo kituoni, hapigiwi makofi wala hafokewi. Huonyeshwa katika ramani mahali pa kituo kinachofuata, basi. Mara nyingi haambiwi muda aliopewa, wala kama amechelewa au amewahi. Atakaye kuacha aweza kuacha saa yoyote, na karibu na kituo lori lamngoja lenye blanketi na chai. Hapana amzuiaye. Watu wengi hawakushindwa na mlima, walishindwa na lile lori.

Sasa naweza kumjibu yule kijana wangu. Mwezi wa Januari 1991 watu 8 wa SAS walishushwa usiku katika jangwa la Iraki. Simu yao ya upepo haikuwapatia mawasiliano, adui akawagundua, na baridi kali isiyo ya kawaida ikaja. Watu 3 walikufa na 4 walitekwa. Mmoja, ambaye baadaye aliandika habari zake kwa jina la Chris Ryan, alitembea mpaka mpaka wa Syria, kama maili 190, kwa muda wa siku 7 na zaidi, bila chakula cha maana na maji kidogo sana. Huyo aliponyoka kwa sababu ileile iliyowaokoa watu wa Stirling miaka 50 kabla yake. Motokaa, eropleni na simu ya upepo ni vyema sana, lakini siku vitakapokosekana, kitakachobaki ni kile alichonacho mtu ndani ya ngozi yake.

Desturi hii haikubaki Uingereza. Charles Beckwith, ofisa Mmarekani aliyetumikia pamoja na SAS tangu mwaka 1962, alirudi kwao akiwa na wazo hilo kichwani, na mwaka 1977 akaanzisha kikosi cha Delta Force, ambacho nacho huwachuja watu wake kwa mwendo wa mbali milimani, kila mtu peke yake. Na tangu mwaka 2018 Uingereza imewafungulia wanawake wa majeshi yake mlango wa kujaribu kuingia vikosi vyote. Mlima hauna habari na jinsia ya mtu wala cheo chake.

Mtu hujitayarishaje kwa kazi kama hiyo? Wengi wa wanaojaribu huanza miezi mingi kabla, wakitumia siku zao za mapumziko kutembea milimani kwa safari ndefu. Mwenye busara huanza na mzigo mwepesi na njia fupi, akaongeza kimoja kwanza na kingine baadaye, wala asiongeze vyote kwa pamoja. Mapafu na misuli hupata nguvu upesi. Mifupa na mishipa ya magoti huchelewa. Anayetazama misuli yake tu hujiona tayari, akajibebesha mzigo mzito, na juma lifuatalo yuko hospitali. Buti zake huzivaa mpaka ziujue mguu wake. Anapohisi joto la msuguano kisiginoni, husimama hapo hapo na kulifunga, kwa kuwa dakika 3 za kusimama ni nafuu kuliko siku 3 za malengelenge. Hula kabla ya njaa, na hunywa maji kwa kipimo njiani kote. Hujifunza kusoma ramani na dira katika ukungu na usiku, maana mwenye miguu ya chuma asiyejua alipo huyafanya makosa yake upesi zaidi. Tena huziheshimu siku za kupumzika kama azi heshimuvyo siku za kazi.

Hekima hiyo si ngeni kwetu. Katika karne ya 19 wachukuzi wa Unyamwezi walisifiwa kote kati ya maziwa na pwani. Walibeba mizigo ya ratli 60 au 70 kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, safari ya majuma mengi. Waliondoka alfajiri, wakatua kabla jua halijawa kali. Richard Burton, Mwingereza aliyepita njia hiyo tangu mwaka 1857, aliandika kwamba hata watoto wao walizoea kuchukua pembe ndogo mabegani. Hakuna ofisa aliyewafundisha kanuni ya kuongeza mzigo kidogo kidogo. Waliipata kutoka kwa baba zao, nao baba zao waliipata kutoka njiani.

Wasikilizaji, laiti ningeweza kukomea hapa, habari ikawa ya sifa tupu. Lakini historia ina upande wa pili, na mwalimu hana ruhusa ya kuuficha.

Upo mji mdogo wa bandari uitwao Mirbat, katika Dhofar, kusini mwa Oman, nchi ambayo majahazi ya pwani yetu yameijua tangu zamani. Alfajiri ya tarehe 19 Julai 1972, ukungu wa msimu ukiwa umeshuka mpaka chini, watu zaidi ya 200 waliokuwa wakipigana na Sultani waliushambulia. Mahali pale palikuwa na askari 9 tu wa SAS, pamoja na Waarabu wachache waliokuwa upande wa Sultani. Mkubwa wao alikuwa Kapteni Mike Kealy, kijana wa miaka 27. Sajini mmoja, Talaiasi Labalaba, mzaliwa wa Fiji, aliutumia mzinga karibu peke yake mpaka akauawa. Kealy alikimbia katika uwanja mtupu uliojaa risasi ili kuwafikia watu wake penye mzinga huo, na mji haukuanguka. Alipewa nishani kubwa ya ushujaa.

Miaka 7 baadaye, mwezi wa Februari 1979, Kealy alikuwa amekuwa meja. Hakuna mtu duniani ambaye angemtaka athibitishe ushujaa wake. Lakini yeye mwenyewe alitaka kujua kama mwili wake bado ungeweza, basi akaingia pamoja na watahiniwa katika safari ya milima ya Wales. Usiku ule ulikuwa na upepo, mvua na theluji. Baridi ikampata huko juu, akafa. Mtu ambaye risasi za Mirbat hazikumpata, aliuawa na kilima ambacho aliwahi kukishinda.

Tena tarehe 13 Julai 1963? La, si zamani hivyo. Ni tarehe 13 Julai 2013, siku yenye joto kubwa kuliko kawaida ya nchi ile. Askari wa akiba, watu wenye kazi zao za kila siku, waliojitayarisha katika saa zao za faragha, walikuwa katika safari ya maili 16 kwenye milima hiyo hiyo. Watatu miongoni mwao walizidiwa na joto. Wawili walikufa siku ile, na wa tatu akafa hospitali baadaye mwezi huo huo. Kila mmoja alikuwa amevaa chombo kilichoonyesha mahali alipo, na vyombo hivyo vilionyesha kwamba wamesimama bila kwenda, msaada ukachelewa. Mwaka 2015 hakimu anayechunguza sababu za vifo aliamua kwamba uzembe wa wakubwa ulichangia vifo vyao. Ilidhihirika kwamba watu wengine walikuwa wamekwisha kutolewa njiani mapema kwa sababu ya joto, na kwa amri za jeshi lenyewe hilo lilitosha kuusimamisha mwendo. Waliousimamia hawakuzijua amri hizo vizuri.

Hapa, wasikilizaji, naomba tutulie kidogo, maana hapa ndipo lilipo fundo la mambo yote. Mtihani huu unamtaka mtu awe peke yake na ajitawale: asikilize maumivu yake, ayapime, aendelee. Huo ni uzuri wake, na kwa hesabu ya uchovu wa kawaida unafaa. Lakini joto kubwa na baridi kubwa si uchovu. Vitu hivyo viwili huanza kwa kuiba akili. Mtu aliyepatwa na baridi ya kufisha hutetemeka kwanza, kisha huacha kutetemeka, ulimi ukawa mzito, naye huweza kudhani kwamba amepona. Mtu aliyezidiwa na joto huchanganyikiwa, akaendelea kwenda kwa sababu miguu yake imezoea kwenda. Kadiri mtu alivyojizoeza kutoisikiliza sauti ya mwili, ndivyo anavyochelewa kuisikia siku inaposema kweli. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia, "Shauri lako, ungesimama." Kile cha kumwambia asimame ndicho kilichokwisha kuharibika.

Basi nani atakayemwambia? Ni yule aliyemtuma. Wazee wetu walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana yake, mzigo ulio juu ya bega la mwingine huuoni uzito wake. Anayeketi kituoni na saa mkononi amekwisha kuonywa na methali hiyo. Lewes wa jangwani aliijua, ndiyo sababu aliubeba mzigo mwenyewe kabla ya kuwabebesha wengine. Waliosimamia mwendo wa mwaka 2013 walikuwa na vyombo ambavyo Lewes hakuviota, na vyombo hivyo viliwaambia kweli, lakini chombo hakina huruma wala hakiinuki kwenda kutazama.

Tunapozisifu habari za watu waliotembea mbali, na tuwasifu, tuukumbuke mtihani wa pili ulio ndani ya ule wa kwanza. Mlima humpima mchukuzi kama ataweza kuendelea. Nao humpima msimamizi kama atajua saa ya kusema "Inatosha," akaenda kumtua mwenziwe mzigo. Katika mtihani wa kwanza, anayeshindwa hurudi kwao na lori, akanywa chai, na mwaka ujao aweza kujaribu tena. Katika mtihani wa pili, anayelipa si yule aliyeshindwa.